Radhi kwa Wenye Filamu ya Mwokaji

Jumatatu, 3 Februari

Barua pepe kutoka kampuni ya intaneti. Nimeisoma mara tano. Ati tarehe 19 Januari, saa mbili na robo usiku, mtu anayetumia intaneti yangu alipakua filamu ya mwokaji keki anayeolewa na mwana wa mfalme siku ya Krismasi. Wenye hakimiliki wamelalamika. Hapohapo barua inasema wenye filamu hawajui jina langu wala ninapokaa, na kampuni haitawaambia. Sasa nimeshtakiwa au sijashtakiwa? Sielewi.

Na wiki yenyewe ndiyo hii! Ijumaa klabu yetu ya mchezo wa kusukuma mawe barafuni inachagua mwenyekiti. Ni mimi, Orest Pawlyshyn, ama jirani yangu Lloyd Gudmundson. Miaka kumi na tisa nimekuwa katibu. Nakitamani kile kiti mpaka naona aibu kusema. Darlene, mke wangu, kaniambia niifute hiyo barua nije nile chakula hakijapoa. Kufuta! Muungwana hafuti barua.

Jumanne, 4 Februari

Arifa ya pili. Safari hii ni filamu ya sungura mpelelezi. Mimi na sungura wapi na wapi! Nimewaza nikichota theluji mlangoni, nikapata jibu: Lloyd. Ukuta wake uko hatua kumi tu kutoka wangu. Anatumia intaneti yangu kwa siri ili nichafuke kabla ya Ijumaa. Nimebadilisha nenosiri. Herufi ishirini na mbili! Nimeliandika kwenye karatasi, nikaitia mfukoni mwa suruali yangu ya mchezo. Kisha nikasimama dirishani nimwone akihangaika.

Hakuhangaika. Alinipungia mkono, akaja akamalizia kuchota theluji ya upande wangu. Huyu mtu ana hila kuliko nilivyodhani.

Jumatano, 5 Februari

Darlene amefua suruali. Karatasi imekuwa uji. Nyumba nzima haina intaneti, Darlene amekosa kipindi chake cha mapishi, na amenuna tangu asubuhi.

Nimeipigia simu kampuni. Dakika hamsini za muziki wa filimbi, halafu binti mmoja mpole, Harleen. Nenosiri tulilitengeneza kwa dakika tatu. Nikamuuliza habari za zile arifa. Akasema wao ni wapelekaji tu, kama posta. Wenye filamu wanaona namba ya intaneti, hawaoni mtu. "Mzee wangu, usijibu kitu. Hakuna anayekujua." Alirudia mara mbili, polepole, kama anamweleza mtoto.

Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Kama hawanijui, watajuaje kwamba sina hatia? Kwetu hapa mtu akikukanyaga mguu, unamwomba radhi wewe uliyekanyagwa, naye anakuomba radhi, mnaachana salama. Hawa wamekanyagwa kupitia intaneti yangu, halafu mimi ninyamaze? Anwani yao ilikuwa chini ya arifa. Nimewaandikia. Nimeomba radhi kwa usumbufu wote, nikaeleza kwamba si mimi. Jina kamili, mtaa, namba ya simu, na picha yangu nikiwa na kombe la mwaka 2011. Nakala kwa kamati nzima ya klabu, mtu asije akasema nilificha. Barua nzuri mno. Nimeisoma kwa sauti jikoni, peke yangu.

Alhamisi, 6 Februari

Wamejibu! Mawakili wenyewe! Wananishukuru sana kwa kuwasiliana nao. Wanasema mpaka jana walikuwa na namba tu, sasa wana jina, na wangependa maelezo zaidi. Watu wastaarabu.

Nikamsomea Darlene. Akaketi. Akauliza kama nina akili timamu. Kisha akanyooshea kidole kile kisanduku cheusi chini ya televisheni, nilichonunua kwa bwana mmoja kule kwenye mashindano mjini Brandon, kinachoonyesha filamu zote za dunia. "Orest, ni wewe." Nikamwambia kisanduku kinaonyesha tu, hakipakui. Akasema kinapakua, na kikishapakua kinawagawia watu wengine, na mwanetu alinieleza haya yote siku ya Krismasi nami nikaitikia kwa kichwa. Nikasema tarehe 19 nilikuwa nimelala. Akasema nilikuwa kwenye kochi nikilia, mwokaji alipoachwa uwanja wa ndege, na nilijifuta machozi kwa kitambaa chake cha meza.

Ni kweli. Hata jina la yule mwokaji nalikumbuka. Na Lloyd wa watu nilimwazia mabaya! Nimeona haya.

Ijumaa, 7 Februari

Ukumbini. Perogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, kahawa, watu wamejaa. Bernice, mwenyekiti anayeondoka, akasema kabla ya kura kuna jambo la barua ya Orest. Nikasimama, nikaomba radhi. Lloyd naye akasimama. Nikajua sasa ananimaliza. Akasema yeye amepata arifa nne tangu mwaka jana. Akauliza nani mwingine amepata. Mikono ikapanda! Karibu ukumbi mzima, Bernice akiwemo! Wote walizifuta.

"Bwana Orest, ndugu yangu," akasema Lloyd, "we ndo wa kwanza kujipeleka mwenyewe, tena na picha!" Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nami nilicheka, lakini moyo uliniuma.

Lloyd kapata kura thelathini na moja, mimi tatu. Bernice alinieleza pembeni, kwa upole, kwamba mwenyekiti hutunza siri za klabu, na mimi nimeshindwa kutunza hata zangu. Nimekaa garini muda mrefu kabla ya kuwasha injini.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeamka nimeelewa kosa langu. Barua ilikuwa fupi! Tena haikuwa kweli, maana nilisema si mimi. Muungwana husahihisha. Mawakili waliomba maelezo zaidi, basi nimewapa kurasa sita. Nimewaeleza habari za kisanduku. Nimewaorodheshea kila filamu niliyotazama, kwa tarehe, arobaini na moja, na nimetia alama zile nilizorudia. Nakala kwa klabu nzima safari hii, maana mwakani kuna uchaguzi tena.

Wamejibu kwa saa moja tu, na leo ni Jumamosi! Wanauliza kama nina wakili. Nimewaandikia kwamba wa nini, na sisi tumeshazoeana.