Nani Alikiona Kilima Kwanza

Jumanne, 4 Juni
Homa bado. Malaria niliyoitoa porini, ng'ambo ya Kakanda, imeninyang'anya miguu. Lakini kilima nilikipata! Shaba tupu, mawe ya kijani yamelala juu ya udongo. Bahati mbaya nilikuwa na Gaston. Naye sasa amelala kwake, nyuma ya ukuta wetu, mguu umevimba. Kila anayekwenda kumpa pole anaambiwa kilima alikiona yeye. Muongo. Mimi nilikiona, yeye alikuwa chini anatoa mwiba.
Mama Émérence, mwenye lori na sururu, amesema safari ijayo itaongozwa na aliyekigundua. Mmoja tu.

Jumatano, 5 Juni
Gaston amepelekewa samaki wa ziwa Tshangalele. Mimi, ndizi. Nikamwomba mke wangu Clotilde anitundikie chupa ya seramu ya mshipani dirishani, wapita njia waone nilivyoteseka. Akakataa kuwa muuguzi wangu: "Minye shiko infirmière. Kunywa dawa, ulale." Nikaitundika mwenyewe, tupu. Jioni kwa Gaston zilining'inia mbili.

Ijumaa, 7 Juni
Mpango. Jumapili kanisani, saa ya ushuhuda, nitamshukuru Mungu kwa kunionyesha kilima. Mama Émérence hukaa mbele kabisa. Neno la ushuhuda nani atalipinga? Clotilde ameniuliza kama sina kingine cha kumshukuru Mungu.

Jumapili, 9 Juni
Gaston alinitangulia! Kwa magongo, na machozi. Akina mama wakalia naye. Eti Mungu alimwonyesha kilima. Nikasimama kabla hajaketi. Nikasema, kama alikiona yeye, ataje njia. Akatazama magongo yake. Nimemshika! Nikaitaja mimi: barabara ya Kakanda, daraja lililovunjika, kijito, mti uliopigwa radi, kisha kushoto. Kanisa zima likaitikia Amina. Wengine waliandika. Mama Émérence akanipa mkono, safari ni yangu. Nimelia kwa furaha.

Jumatatu, 10 Juni
Mtaa kimya. Muuza mkate ameenda kilimani. Kwaya imeenda. Pasta ameenda. Lori la Mama Émérence limewabeba alfajiri, na ameniachia ujumbe kwamba kiongozi wa nini, njia si inajulikana? Clotilde amechukua sururu yangu, akaenda nao.
Tumebaki mimi na Gaston, wagonjwa wawili. Nilidhani ataona haya. Ameniita juu ya ukuta: "Kilima ingine iko kule nyuma, weye haukuiona."
Sikukiona? Mimi ndiye niliyekiona kwanza! Jumapili nitasimama tena, niitaje njia yake yote, kona kwa kona. Tuone atasema nini.