Mshale Umelala, Minyoo Wanaota Moto

Jumatatu, 4 Machi
Antena ya redio ya mawasiliano imesimama. Mita mbili na nusu tu, maana mama mwenye nyumba kasema kitakachozidi ukuta wake atakikata kwa panga. Wengine wangelia. Mimi nimezungusha koili ya waya kwenye chupa ya plastiki, mizunguko sitini, na chini nimechimbia kipande cha bomba. Mshale wa mita, ile inayoonyesha umeme unaokataliwa na antena na kurudi redioni, umelala kwenye moja kamili kama mtoto aliyeshiba: haurudi hata chembe. Na mimi niliishia darasa la saba! Jirani yangu Fundi Cherehani, mpinzani wangu kwenye chama cha redio, naye ana antena fupi. Mshale wake haujawahi kulala.

Jumanne, 5 Machi
Nimeita redioni kwa muda wa saa tatu nzima. Kimya. Labda dunia ina kazi zake.
Jioni kaja mwenyekiti wa chama cha redio, nesi mstaafu. Kanikumbusha kuwa redio ni ya chama: Jumamosi saa nne asubuhi kituo cha ng'ambo kisiponisikia, inahamia kwa Fundi Cherehani. Akaitazama antena, akasema fupi kama hii inataka nyaya nyingi zitandazwe chini, zifungwe kwenye bomba, la sivyo umeme wangu wote unapotelea ardhini, unawaotesha moto minyoo. Nikamwambia kwa heshima zote, mama, mshale umelala. Akasema hata maiti amelala.

Jumatano, 6 Machi
Nimetandaza nyaya nne ili asininunie. Mshale ukapanda hadi mbili. Nimezing'oa zote. Fundi Cherehani alichungulia juu ya ukuta, akauliza mbona nang'oa. Nikamwambia mambo ya wataalamu hayo, ashone suruali.

Alhamisi, 7 Machi
Kimya tena. Chakula nimewamwagia kuku. Bila redio hiyo mimi ni nani? Mume wa mwalimu, basi. Naye mwalimu ananung'unika kuwa kuku wanafukua miche yake ya nyanya.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Mke wangu katandaza wavu wa kuku ua mzima, ule wa waya, na kaufunga kwenye bomba langu usiburutwe. Mshale, mbili na ushee. Nimelalamika. Kasema nikiugusa kabla banda halijapata komeo, nitalala humo na kuku. Nimeuacha. Mwanamume hapigani vita vyote.

Jumamosi, 9 Machi
Saa nne. Nimeita mara moja tu. Kituo cha ng'ambo kikajibu papo hapo, kikauliza mbona napiga kelele, nasikika kama niko jikoni kwao.
Nimekaa sakafuni. Pumzi iliyokwama tangu Jumanne ikatoka yote. Mke wangu kaniletea maji, kanipangusa uso, kasema haya baba, umeshapona. Redio inabaki! Mwenyekiti kauliza nimebadilisha nini. Nikasema sauti.

Jumapili, 10 Machi
Kwa furaha nimelitia banda komeo, lililosubiriwa miezi mitatu. Wavu huru. Fundi Cherehani kaja mpole kama kondoo, kaniomba huo wavu, eti kuku wanamsumbua. Mimi sina kinyongo na mtu. Nimempa wote, nikamsaidia kuubeba mpaka uani kwake. Niliporudi mshale ukalala palepale, moja kamili. Kesho naongea na dunia nzima.
Ila kwake sikuona kuku hata mmoja. Labda ndio anaanza kufuga.