Kamati ya Bunduki ya Larkin Fork

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa posta ya Larkin Fork, Montana, likiwa na mihuri miwili: "Kwa mara ya kwanza katika historia ya mji wetu, Serikali imeteua Kamati Maalumu ya Kuamua Endapo Bunduki ya Askari wa Mji Iundwe au Inunuliwe. Wananchi mnaombwa kutulia."

Wananchi walitulia. Walikuwa mia tatu na kumi na wawili, na kila nyumba ilikuwa na bunduki nyingi kuliko viti. Isiyokuwa nayo ni serikali peke yake, maana ile ya zamani ilikuwa imepasuka mtutu. Askari wa mji, Darlene Kvamme, alikuwa na yake nzuri tu nyumbani, lakini hakuruhusiwa kuitumia. Meya Merle Stensrud alishapitisha sheria kwamba ndani ya mji hakuna wa kufyatua risasi ila askari, na askari mwenyewe kwa bunduki ya mji tu. Sheria hiyo ilipita wiki moja baada ya mtu asiyejulikana kutoboa kwa risasi bango lenye picha ya Meya, katikati ya meno.

Sasa kulikuwa na dubu. Kila alfajiri alishuka kwa Bibi Opal Haugen, ajuza wa miaka themanini na moja aliyeishi peke yake kando ya mto. Alianza na kuku. Jumatatu akaukwaruza mlango wa jikoni. Bibi Opal alikuwa na bunduki ya marehemu mumewe, ila macho yalikuwa yamekwisha. "Nikimlenga dubu," alimwambia Darlene, "nitampata mchungaji."

Basi Darlene alikwenda kikaoni kuomba haraka.

"Mwanamume anayenunua bunduki iliyokamilika," Meya alikuwa akisema, "ni sawa na anayenunua pai dukani halafu anawaambia wageni kapika mwenyewe. Tuunde!" Vipuri vilikuwa vikiuzwa na shemeji yake, jambo ambalo kamati ililitambua kama utaalamu wa kifamilia.

"Na ile uliyoiunda mwaka jana si ilitoboa friji ya mkeo?" alijibu mjumbe Gus Pruitt, mwenye duka la bunduki. "Tununue, bwana. Bunduki haitaki majaribio." Mjumbe wa tatu alikuwa amelala, naye aliandikwa kuwa hana upande.

"Waheshimiwa," alisema Darlene, "dubu amefika mlangoni kwa bibi wa watu."

"Dubu hayumo kwenye ajenda, dada," alisema Meya.

Kikao cha sita kilifikia mwafaka wa kihistoria. Sheria ya nchi inasema kipande kimoja tu, kile chenye namba, ndicho bunduki, na vilivyobaki ni vyuma tu. Kamati ikaamua kuagiza vyuma vyote na kukiacha kile kimoja, kwa sababu kukinunua kungekuwa kutangulia uamuzi wa kamati. Vikao viwili vikaliwa na rangi ya kitako cha bunduki. Cha kumi na moja kilitoa taarifa kwamba mradi umekamilika kwa asilimia tisini na nane, kisha Darlene akakabidhiwa boksi huku akipigwa picha.

"Nilifanyie nini?"

"Litunze. Ni mali ya umma."

Alimkuta Bibi Opal ameketi jikoni, amepakata kikaango cha chuma kama mtoto.

"Wameamua, mwanangu?"

"Wameamua rangi, bibi. Ya majani makavu."

"Itapendeza kwenye mazishi yangu."

Darlene aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alikwenda malishoni kwake, akang'oa waya wa umeme wa kuzuia ng'ombe pamoja na betri yake, akauzungusha kwenye banda la kuku na nyumba nzima. Kazi ilimchukua mchana mmoja, bila mwenyekiti.

Alfajiri dubu alikuja, akaugusa waya kwa pua, akapiga yowe na kutimua mbio mlimani. Lakini njaa haina kiapo. Huko juu alinusa gereji ya Meya, ambamo nusu ya kulungu ilikuwa imening'inizwa, na mlango ulikuwa wazi kwa kuwa Meya alihubiri siku zote kwamba kufuli ni za waoga. Kutoka gereji hadi sebuleni ni mlango mmoja tu, nao haukuwa mgumu.

Darlene alimkuta Meya barabarani, pekupeku juu ya theluji, amevaa chupi ndefu nyekundu. Bunduki zake arobaini na moja zilikuwa ukutani sebuleni, na dubu alikuwa ameketi chini yake.

"Mpige!"

"Kwa kitu gani, Mheshimiwa? Kwa boksi?"

"Lete ya kwako!"

"Sheria yako inanikataza."

"Basi tununue! Leo hii! Natoa hoja!"

"Akidi haijatimia. Wajumbe mko watatu, na hapa naona mmoja na chupi yake."

Baridi ilikuwa haina itifaki. Nyumba ya karibu ilikuwa ya Bibi Opal, na Meya aliteremka mbio bila kusikia Darlene akimpigia kelele kuhusu waya. Yowe alilopiga lilizidi la dubu kwa mbali.

Dirisha la jikoni likafunguka. "Nani huyo?"

"Ni mimi, bibi! Merle! Meya! Nifungulie, nakufa!"

"Ngoja. Mambo haya hayataki haraka."

Darlene alizima betri. Bibi Opal alifungua mlango kwa wakati wake, akamtupia Meya blanketi, akamkalisha karibu na jiko na kumwekea sahani mbele. Meya, ambaye meno yalikuwa bado yanagongana, aliitazama sahani.

"Yai moja tu, bibi?"

"Moja tu, Merle. Kuku tisa waliokuwa wakitaga mengine waliliwa mkiwa kikaoni."