Kamati ya Mwandiko Unaopatikana

Inatangazwa kwa umma, kuanzia Lukozi hadi Malindi ya huku milimani, na kwa yeyote aliyeko bondeni mwenye masikio ya kufika huku juu, kwamba kata yetu imeachana na karatasi.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Lilikuwa la karatasi, kwa sababu mlango bado haujaunganishwa na mfumo. Jina la kata sitalitaja. Limo kwenye mfumo, anayelitaka alitafute.

Tuliletewa vishikwambi sita vya wino. Hivi si kama simu. Skrini yake haing'ai, imetulia kama ukurasa wa daftari, na unaandika juu yake kwa kalamu, kwa mkono wako mwenyewe. Ukimaliza unakilandanisha na mtandao, na maandishi yako yanakwenda kukaa kwenye hifadhi iliyo mbali. Huko, mtu akitafuta neno moja tu, tuseme "mbolea", analetewa kila ukurasa ambao mtu aliwahi kuandika mbolea. Ni kitu kizuri kabisa. Mimi, niliyepewa kibarua cha kuandika orodha ya vifaa vya ofisi, nilikipenda tangu siku ya kwanza.

Ili kukisimamia iliundwa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Kuhamisha Maandishi. Mwenyekiti wake ni Bwana Khalfani, afisa aliyetoka Tanga, mwenye tai ambayo haivui hata mvua ikimkuta kwenye kabichi. Kamati ilipitisha kanuni tatu. Ya kwanza, kila kitu kiandikwe kwa mkono. Ya pili, kilandanishwe kila Alhamisi. Ya tatu, kisichopatikana kwenye mfumo hakipo. Hiyo ya tatu aliitunga Bwana Khalfani mwenyewe, na ikapigiwa makofi.

Kwanza yalinakiliwa makaunta buku yote ya zamani. Maafisa walikaa miezi mitatu wakihamisha kwa mkono yaliyoandikwa kwa mkono. Kila kitabu kilipomalizika kilipelekwa kwa Mama Zipora, muuza maandazi, akachana kurasa za kufungia. Kwa njia hiyo historia ya kata iliwafikia wananchi moja kwa moja, ikiwa na mafuta.

Kikwazo kimoja kilikuwa mtandao. Ofisini haushiki. Shuleni haushiki. Unashika mahali pamoja tu, kwenye mwamba ulio katikati ya shamba la Mama Efrazia, kati ya miti yake ya matunda damu, yale mekundu yenye mbegu moja kubwa. Kwa hiyo kila Alhamisi Kamati ilipanda mlima kwa mstari, mbele Mwenyekiti, nyuma Kornelio, mtunza vifaa, amebeba vishikwambi kichwani ndani ya tenga la kabichi. Mama Efrazia, mjane, mtu wa kwaya, aliwapa uji. Walikunywa, walilandanisha, walikula matunda yake, wakashuka. Kwenye ripoti iliitwa "ushirikishwaji wa jamii".

Alhamisi moja Bwana Khalfani alisimama juu ya mwamba, akatazama mandhari, akafikia uamuzi.

"Shikamoo, Mama Efrazia."

"Marahaba, mwanangu. Uji huo hapo."

"Mama, shamba hili ni la nani?"

Mama Efrazia alimwangalia. "La nani tena? Si mbegu ya tunda langu hiyo bado iko shavuni kwako?"

Bwana Khalfani akaitema mbegu kwa heshima. "Naomba tusichanganye hisia na mfumo." Akachukua kishikwambi, akatafuta jina "Efrazia", akamgeuzia skrini. Hakuna matokeo.

"Maana yake nini?"

"Maana yake hapa pana ardhi isiyo na mtu. Kata inahitaji Kituo cha Kulandanisha."

"Isiyo na mtu? Na huyu anayekupa uji ni nani? Mwaka aliofariki mume wangu mkutano wa kijiji ulikaa, katibu akaandika kwamba shamba ni langu, nikaweka dole gumba. Watu walikuwepo!"

"Kitabu hicho nilikinakili mimi mwenyewe," alisema Bwana Khalfani. "Kingekuwa na jina lako lingepatikana. Unazo siku thelathini za kung'oa miti."

Mama Efrazia alisema jambo kwa Kishambaa ambalo siliandiki hapa, kwa sababu lingepatikana.

Jioni ile alinifuata nikichonga mpini wa jembe. "Mzee Paskali, wewe umetembea. Umefanya kazi kwenye mkonge, umefika hadi Mwanza. Kuna mahali umeona mtu anaambiwa hayupo na yeye kasimama?"

"Nimeona," nikamwambia. "Lakini ilikuwa kwenye foleni."

"Sasa mimi nifanye nini? Miti ile nimeipanda na marehemu. Ndiyo ninayokula."

Nilimwambia asubiri, neno ambalo ofisini linahesabiwa kuwa huduma.

Wiki iyo hiyo ikaja barua kutoka juu. Waheshimiwa huko walikuwa wametafuta kata yetu kwenye hifadhi, na katika kurasa elfu mbili tulizotuma zilisomeka kumi na moja tu, zote za mkono wangu. Kwa mujibu wa mfumo, kata nzima ilikuwa na mafagio manne, majembe mawili na ndoo inayovuja. Watu hawakuonekana. Shule haikuonekana. Bwana Khalfani naye hakuonekana, na hili ndilo lililomuuma. Maafisa wetu, ieleweke, ni wasomi, na mwandiko wao ni wa kisomi. Mashine iliwatazama ikanyamaza. Barua iliongeza kwamba mkaguzi, Bi Wema, angefika kuzindua Kituo na kuhakikisha kama tupo.

Kamati ilikaa kikao cha dharura. Azimio: maafisa wote waingie Mafunzo Rejeshi ya Mwandiko. Mkufunzi: mimi. Shule nilisoma vipande vipande, darasa moja Bumbuli, nusu darasa Korogwe, lakini mwandiko nilifundishwa na mwalimu aliyekuwa na fimbo, na fimbo ile ilikamilisha mtaala.

Tulifundishia katika chumba cha watoto wa kanisani. Benchi zilikuwa fupi. Waheshimiwa walikaa magoti yakigusa videvu.

"Bwana Mwenyekiti," nikauliza, "hii ni herufi au ndoano ya kuvulia samaki?"

"Mzee, shikamoo, lakini mimi nina shahada."

"Marahaba. Mkia uishie kwenye mstari."

Njia yenyewe aliileta Kornelio, ambaye peke yake alikuwa amesoma maelekezo ya mashine. Kila afisa achukue kurasa zake za zamani, asome alichoandika, kisha akiandike upya chini yake kwa mwandiko safi. Mashine italinganisha juu na chini, na polepole itamjua mkono.

"Na ikishamjua mtu mkono," Kornelio alieleza mbele ya darasa zima, "inarudi nyuma yenyewe, inasoma kila kitu alichowahi kuandika."

"Safi sana," alisema Bwana Khalfani bila kuinua kichwa. Alikuwa anamalizia mkia.

Nilimtazama Kornelio. Kornelio akatazama dari. Mwalimu hapaswi kukatisha bidii ya mwanafunzi.

Na bidii alikuwa nayo! Wenzake waliandika kurasa tano, wakaumwa vidole. Yeye aliandika arobaini, akaomba nyingine. Alianza kuniletea kazi ya nyumbani bila kuambiwa. Mwisho wa mafunzo alishika nafasi ya kwanza, akatunukiwa Cheti cha Mwandiko Bora, ambacho alikisaini mwenyewe kama Mwenyekiti na kukipokea mwenyewe kama mshindi. Kikawekwa kwenye fremu, kikatundikwa ofisini.

Siku ya uzinduzi shamba la Mama Efrazia lilipambwa. Miti ya matunda damu ilifungwa vitambaa, na chini ya mti wa kwanza paliwekwa shoka jipya, kwa ajili ya kuondoa ile iliyopambwa. Mama Efrazia alisimama pembeni na kwaya yake yote. Hawakuimba.

Bi Wema alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani na sauti ya kusomea taarifa ya habari. Kishikwambi kiliunganishwa na skrini kubwa. Bwana Khalfani alihutubia kuhusu uwazi kwa muda mrefu kiasi kwamba mawingu yalipita mara mbili.

"Na ili mgeni wetu aone ufanisi," alihitimisha, "yupo mama mmoja hapa anayedai shamba hili. Mheshimiwa, naomba utafute jina Efrazia. Utaona mwenyewe."

Bi Wema akatafuta, akaona mwenyewe.

"Matokeo matatu," alisema.

"Mangapi?"

"Matatu. La kwanza." Akarekebisha miwani. "'Mkutano wa kijiji umekubali kwamba shamba la mwambani, kuanzia jiwe hadi mfereji, ni mali ya Efrazia, mjane. Hakuna aliyepinga.' La pili liko pembezoni mwa ukurasa huo huo. 'Ukurasa huu wa Efrazia niuandike ovyo kabisa. Usisomeke.'"

Kwenye kwaya mtu wa sauti ya nne alikohoa.

"La tatu, kikao cha Kamati. 'Efrazia akishatoka, ofisi yangu itazame bondeni. Miti ibaki miwili, ya kivuli cha gari.' Hapa pana mchoro. Ni gari, au ng'ombe?"

"Gari," alisema Kornelio. "Ina taa."

Bwana Khalfani alilegeza tai kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu. "Mheshimiwa, huo si mwandiko wangu."

"Mfumo unasema ni wako, asilimia tisini na nane," alisema Kornelio.

"Mfumo unaweza kukosea!"

"Cheti kipo ofisini," nikaongeza, kwa kumtetea. "Alishika nafasi ya kwanza."

Bi Wema alifungua kanuni zetu akasoma ile ya tatu, taratibu. "Kisichopatikana hakipo. Kwa hiyo, Mwenyekiti, kilichopatikana kipo. Mmeandika vizuri sana." Kisha akamwendea Mama Efrazia, akasema shikamoo, akaomba radhi kwa niaba ya ofisi. Shoka alipewa Kornelio aliingize kwenye orodha ya vifaa.

Bwana Khalfani hakufukuzwa. Alipewa adhabu kubwa zaidi: aendelee. Mtandao bado unashika mwambani tu, kanuni ya Alhamisi ipo pale pale, na Bi Wema aliagiza Mwenyekiti aombe ruhusa ya mwenye shamba, kwa maandishi ya mkono, kabla Kamati haijaingia. Mama Efrazia aliweka lango la mianzi na kigoda.

Alhamisi ya kwanza aliipokea barua, akaishika mbali na macho, akausifu mwandiko. Akaiweka ndani ya tenga lake, akamwaga matunda juu yake. "Njoo wiki ijayo upate jibu."

Wiki iliyofuata tulikuwa wote pale langoni, vishikwambi kichwani kwa Kornelio.

"Shikamoo, mama. Nimefuata jibu la barua yangu."

"Marahaba. Barua ipi?"

"Si ile niliyokupa mkononi? Umeiweka hapo, mama, kwenye tenga! Naiona pembe yake!"

Mama Efrazia aliinua tunda moja, akalirudisha. "Nimetafuta. Haipatikani."

"Mama, jamani, iko hapo!"

"Mwanangu, tusichanganye hisia na mfumo. Andika nyingine."

Hadi leo ameshaandika kumi na nne. Mwandiko unazidi kuwa mzuri.