Lipa Ukiridhika

Yule baba alikuwa na kitambi cha kuheshimika, fulana mpya ya michezo, na uso wa mtu ambaye simu yake imemshawishi kwamba dunia nzima inamsubiri. Alikuwa amesimama mbele ya duka la kamera, pua imegusa kioo, midomo ikisoma bei kimyakimya. Kila alipofika mwisho wa bei alianza tena, labda akitumaini imepungua.

Ng'ambo ya barabara Profesa alitema kijiti cha meno, akavuka.

Uprofesa wake hakuna chuo kilichoutoa. Ulitokana na kizibao chenye mifuko mingi, miwani ya kusomea isiyo na nguvu yoyote, na mdomo. Mdomo ndio ulikuwa duka lenyewe.

"Kaka, usiingie humo," alisema kwa sauti ya mtu anayemwokoa mwenzake na ajali. "Humo watakuuzia kamera. Mimi nitakuuliza kwanza unataka kufanya nini na maisha yako."

Yule baba akageuka. "Nataka kujirekodi. Nifundishe watu kupunguza tumbo."

Profesa hakucheka, na hapo ndipo ujue kwamba alikuwa bingwa wa kazi yake. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, akamshika mkono, akampeleka ofisini kwake, yaani meza ya nyuma ya mgahawa mmoja, ambayo aliikodi kila siku kwa bei ya kikombe kimoja cha chai.

Akafungua begi, akatoa kamera kubwa, nyeusi, nzito. Ilikuwa kamera ya picha za mnato, tena nzuri kweli: ina kitundu cha kuchungulia kwa jicho moja, lenzi pana, na mahali pa kuchomeka flashi. Kwa mtu wa kujirekodi haikufaa hata kidogo. Kioo chake kiko nyuma na hakigeuki, haina pa kuchomeka maikrofoni, na ukirekodi video ndefu inapata moto na kujizima katikati ya sentensi.

"Nimesikia zipo zenye kioo kinachogeukia mbele, mtu ukajiona," yule baba alisema kwa woga.

"Zipo. Ni za wanaojipenda," Profesa alijibu kwa huzuni. "Ukijiona unaanza kujitengeneza nywele. Watazamaji wanataka ukweli."

"Na maikrofoni?"

"Sauti iko kooni mwako, kaka, haiko kwenye waya."

"Mbona nzito?"

"Si umesema unataka kupunguza tumbo?"

Yule baba akacheka mwenyewe, na mtu akishacheka amekwisha. Profesa akamwaga masharti yake, ambayo mji mzima haukuwahi kusikia mazuri kama hayo. Unalipa robo leo, unaondoka na kamera, unaijaribu. Ukiridhika, unamaliza iliyobaki. Ukilalamika, unarudisha kamera, na ile robo inabaki kuwa gharama ya majaribio. Baba akalipa robo, akaondoka na kamera.

Sasa nikueleze utamu ulipokuwa. Profesa alikuwa na kamera mbili tu: hii ya picha, na nyingine ndogo ya kujirekodi. Anayetaka kujirekodi alipewa ya picha, na anayetaka picha alipewa ya kujirekodi. Baada ya muda wote wawili walirudi wamenuna, wakaacha kamera, wakaaga robo zao. Hakukuwa na wizi wala ngumi. Watu waliondoka wakijilaumu kwamba wao ndio hawajui mambo ya kamera, na wengine walimwomba radhi kwa kumsumbua. Mwizi wa mfukoni akisikia habari hii atalia.

Ila zile kamera hazikuwa zake. Alizichukua mali kauli, alipe akishauza, kutoka kwa mzee mwenye duka la kona aliyeuza simu na kamera, na mzee yule, ambaye haamini mtu anayevaa miwani asiyoihitaji, alidai rehani. Profesa akapeleka cherehani ya mkewe. Alimwambia mkewe imekwenda kutiwa mafuta.

Mafuta hayo yalikuwa yamechukua miezi. Mkewe, fundi hodari ambaye mtaa mzima ulivaa kazi ya mikono yake, sasa alikuwa akibembeleza zamu kwenye cherehani ya jirani, na asubuhi hiyohiyo alikuwa amemwambia mumewe bila kupandisha sauti: "Shule imenipa kazi ya sare. Zote. Shule zikifunguliwa sina cherehani, kazi anapewa mwingine. Na mimi narudi kwa mama."

Mwanamke akipiga kelele unaweza kumbembeleza. Huyu hakupiga, na hilo ndilo lililomtisha Profesa. Alimpenda mkewe, nisimsingizie. Akaapa kwamba huu ndio mzunguko wa mwisho: robo mbili mfukoni, kamera zirudi, azipeleke kwa mzee, cherehani irudi nyumbani.

Bahati ikaitika siku ileile. Kabla chai haijapoa akaingia mama mmoja, mrefu, mwenye miwani ya jua kichwani, akauliza kama hapa ndipo kwa Profesa.

"Nataka kupiga picha," alisema. "Maharusi, watoto, vitambulisho. Mimi mwenyewe sitaki kuonekana. Naona aibu."

Profesa aliweka mkono kifuani, akashukuru kimoyomoyo, akatoa ile kamera ndogo. Ilikuwa na kioo cha kugeukia mbele, mahali pa kuchomeka maikrofoni, ujanja wa kufuata uso usiingie kwenye ukungu, na wa kutuliza mkono unaporekodi ukitembea. Kwa picha za maharusi ukumbini ilikuwa balaa. Haina flashi, na mwanga ukipungua picha inajaa punjepunje, bibi harusi akaonekana kama amemwagiwa mchanga.

"Haina kitundu cha kuchungulia?" mama aliuliza.

"Dada yangu, umri wa kufumba jicho moja umeshapita."

"Flashi je?"

"Flashi inashtua watu. Unataka maharusi washtuke?"

"Hapana," mama alisema kwa upole. Akalipa robo. "Na iliyobaki nalipa nikiridhika?"

"Ukiridhika tu, dada. Mimi simlazimishi mtu."

"Mungu akuzidishie," mama alisema, akaondoka na kamera kwapani.

Profesa akakaa kusubiri kilio. Kwa kawaida yule wa kujirekodi alikuwa wa kwanza kurudi, amejirekodi kidevu kitupu. Yule wa picha alifuata. Safari hii hakuja mtu. Akapiga simu kwa mwenye kitambi, ikaita weee. Akapiga kwa mama, ikaita vilevile. Chai ikawa inapoa mbele yake kila siku, na nyumbani mkewe akaanza kukunja nguo zake mwenyewe, zake tu, na kuzipanga kwenye sanduku.

Siku moja mwenye mgahawa, akiwa amesimama na simu yake, alicheka peke yake. "Huyu dada ananimaliza," alisema. Profesa akachungulia. Ni yule mama mwenye aibu. Alikuwa anatembea barabarani akiongea bila aibu yoyote, uso wake safi, picha haitikisiki, sauti inasikika mpaka pumzi. Nyuma yake bango la studio lilisomeka vizuri kabisa, maana ile kamera ilikuwa nzuri kweli.

Profesa alifika studio anahema. Ndani, yule baba wa kitambi alikuwa amefumba jicho moja, lingine kwenye kitundu, akimpiga picha mtoto aliyevishwa tai. Flashi ikawaka. Mama alikuwa pembeni amejigeuzia kioo, anapaka rangi ya mdomo.

"Mume wangu," mama aliita bila kugeuka, "mgeni wako."

Profesa alisimama mlangoni na neno "mume" likamwingia polepole.

"Karibu, Profesa," baba alisema. "Unajua, watu wako wote wakishindwa na kamera huja kwangu kupigwa picha. Wananisimulia huku nawanyoosha kidevu. Mke wangu ndiye aliyegundua. Akasema, huyu mtu hakosei hata siku moja: ukimwomba hiki, anakupa kile. Basi mimi wa picha nikakuomba ya kujirekodi, na yeye akakuomba ya picha."

"Nilipokuambia naona aibu," mama alisema, "ilibaki kidogo nicheke."

Profesa alikusanya heshima yake iliyobaki. "Hongereni. Basi mmeridhika. Nilipeni kilichobaki."

Mume na mke wakatazamana. Baba akaipima kamera mkononi, akaisikiliza. "Karibu turidhike," alisema. "Lakini bado tunajaribu."

"Mpaka lini?"

"Hukutaja siku."

Ni kweli, hakutaja. Hakuwahi kuhitaji, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuridhika.

"Basi rudisheni!"

"Anayerudisha ni anayelalamika. Sisi tumelalamika?"

Hapo Profesa akavua ile miwani, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akasema kitu bila kukipima. "Cherehani ya mke wangu iko rehani kwa hizo kamera. Ataondoka. Nawaomba."

Mama akashusha kamera yake. "Pole yake," alisema, na alimaanisha. "Mdogo wangu naye alikuwa mke wa mtu ulipokula robo yake. Aliuza kitanda cha watoto kuipata." Kisha akamfungulia mlango, taratibu, maana mtoto wa tai alikuwa anasubiri picha.

Mzee wa duka la kona alisikiliza habari yote akitafuna karanga. Hakutoa cherehani. Wala hakuita polisi, kwani polisi hawarudishi kamera. Aliamua hivi: Profesa asimame mlangoni kwake aelekeze wateja, aseme kweli tupu, mpaka deni liishe. Cherehani itabaki dukani, ila mke wa Profesa aruhusiwe kuitumia palepale. Mke alikuja na sanduku lake, akalitua chini, akafungua akatoa vitambaa vya sare.

Mteja wa kwanza alikuwa kijana mwenye ndevu changa, anataka kujirekodi. Rafuni kulikuwa na kamera nyingine za aina zilezile mbili, na Profesa alimweleza kama anayeungama. Chukua hii ndogo, kioo kinageuka mbele, maikrofoni inaingia hapa, ukitembea haitikisiki, uso wako hautapotea. Ile kubwa waachie wapiga picha, itakuzimikia katikati ya maneno. Hakuongeza chumvi. Alitokwa jasho kwa namna alivyokuwa anasema kweli.

Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, akakitazama kile kizibao, akatazama simu yake, ambako yule mama wa studio alikuwa akisimulia habari za mtu wa kizibao anayekupa kinyume cha unachoomba, akamtazama tena. Halafu akamwinamia yule fundi aliyekuwa anashona kando ya mlango.

"Samahani mama. Huyu anasema kweli?"

Cherehani ikasimama. Mke alimtazama mumewe, mkono bado kwenye gurudumu. "Leo anasema kweli," alijibu.

"Unamfahamu?"

"Ni mume wangu."

Kijana akamgeukia mzee mwenye duka. "Nipe ile kubwa," alisema.