Fomu ya Mwalimu Nafula Ndani ya Kioo

Mgeni wetu wa heshima, ambaye kwa kuwa hajafika nitakikalia kiti chake mwenyewe. Bwana Katibu wa Kamati. Bwana Naibu Katibu, ambaye ni shemeji yangu lakini alichaguliwa kwa haki. Wachungaji wa makanisa yote, hata yale yenye vipaza sauti. Wazee wa Shauri Moyo. Akina mama wa kwaya. Wageni wetu vibarua kutoka Mukuru kwa Reuben, karibuni, nyinyi mtasimama pale mlangoni. Wananchi wa kawaida na wasio wa kawaida: hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Mtu mmoja: "Si tumesema hatujambo!")

Asanteni kwa shangwe hizo.

Mimi, Mwenyekiti Nahashon Kweyu, mwasisi, mlezi na msemaji wa Kamati ya Kuharakisha Shahada za Udaktari Mitaa ya Mashariki, nimesimama hapa tangu saa nane kwa sababu jambo kubwa haliwezi kusemwa kwa ufupi. Mwaka huu wa tisini na sita tuligundua, baada ya feasibility study ya kina iliyofanyika sebuleni kwangu, kwamba mitaa hii ina makarani wa reli, ina mafundi wa kila aina, ina vibarua wa viwandani, lakini haina hata daktari mmoja wa falsafa, na tukaazimia kwa kauli moja, yaani yangu, kwamba ifikapo mwaka wa elfu mbili kila ploti itakuwa na daktari wake. (Makofi ya shemeji.)

Sasa takwimu. Mwaka jana walioomba kusomea udaktari kupitia kamati hii walikuwa sufuri. Mwaka huu ni mmoja. Bwana Katibu alijaribu kutafuta asilimia ya ongezeko hilo, kalkuleta ikakataa, maana yake maendeleo yetu yameishinda mashine. (Kicheko.)

Huyo mmoja ni binti yetu, Mwalimu Triza Nafula, yule pale mwenye sweta ya kijani anayeangalia saa. Mwalimu, simama uonekane. Kumbe amesimama kitambo. Huyu anafundisha darasa la sita, ana shahada mbili tayari, na anaomba chuo kikuu kimpe nafasi ya kuchunguza jinsi vibarua wanavyochaguliwa asubuhi kwenye mageti ya viwanda: kwa nini kidole cha msimamizi kinamwangukia huyu na kumruka yule. Mimi ningempa mada nzito zaidi, kwa mfano uongozi wangu, lakini demokrasia ni demokrasia. (Sauti kutoka mlangoni: "Hiyo yake ndiyo poa! Mimi nimerukwa miaka tisa!")

Mwalimu aliniletea fomu yake mwezi wa Februari niipige muhuri. Na alifanya vyema, kwani hapa mtaani hata barua ya kulalamikia mfereji hurudishwa ikiwa haina muhuri, na fomu isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia maandazi. (Mwalimu Nafula: "Chuo hakitaki muhuri, Mwenyekiti. Nimewauliza jana. Wanataka fomu tu.") Hawataki kwa sababu hawajui umuhimu wake. Sisi hatuwezi kuruka prosesi. Fomu hiyo imepitia kamati ndogo saba: ya kupokea, ya kutazama, ya kutazama tena, ya wino, ya...

(Mama Celine wa kwaya, akiinuka: "Baba, mwisho wa kupeleka ni leo saa kumi na moja! Saa hii ni kumi na robo! Fomu ilienda ama haikuenda?")

Mama Celine, swali lako ni top priority na nitalijibu mara tu nikimaliza kujisifu, kwa maana ndivyo ilivyopangwa kwenye karatasi hii. Nimesifiwa na watu wengi. Wengine nimewasahau. Haya, nimemaliza.

Wananchi, tungekubalije fomu ya kwanza kabisa ya mitaa yetu ipotelee kwenye marundo ya chuo, ishikwe na karani asiyetujua? Shemeji, vuta pazia! (Pazia linavutwa. Ukutani kuna fremu ya mbao, na nyuma ya kioo ni fomu ya Mwalimu Nafula, kurasa zake nne zimepangwa kama picha za arusi, muhuri mwekundu ukiwa umempata puani kwenye ile picha yake ya pasipoti.) Tazameni! World class! Itakaa hapa milele!

(Hakuna makofi. Mwalimu Nafula: "Kila Jumatatu, miezi minne, nakuja kwako unaniambia iko njiani.")

Iko njiani, Mwalimu. Ukuta huu unaelekea mjini.

(Vurugu. Vibarua wawili wanapanda jukwaani. Mmoja: "Buda, sogea kidogo.") Ndugu zangu, utaratibu! Fremu hii haijamaliza dakika mbili tangu izinduliwe! Msivunje kioo... hawavunji, wanaibeba nzima, wanamkabidhi Mwalimu. Mwalimu, na wewe unavua viatu mbele ya wachungaji? (Akina mama wa kwaya: "Kimbia, Mwalimu! Kimbia mwanangu!" Ukumbi wote unamiminika nje.)

Elimu! Elimu juu! (Shemeji: "Juu.") Kamati! (Sauti kutoka barabarani: "Ameshavuka soko la Gikomba na fremu yake!")

Kwa hayo machache, nawashukuru nyote mliobaki, yaani shemeji. Namshukuru pia Mwalimu Nafula, na atakayemwona amwombe, kwa unyenyekevu, akishaikabidhi fomu huko chuoni aturudishie angalau fremu, kwa maana ofisi ya kamati ni mfuko huu wa koti, zile kamati ndogo saba ni mimi nikihamahama viti, chuoni kwenyewe hatujawahi kukanyaga wala kuandika barua, na katika mradi mzima kitu pekee kilichokuwepo ni ile fomu, nayo ndiyo hiyo inakimbia.

Shemeji, funga pazia.