Mwenza Wangu ni Lundo la Mboji

Kibiti, Jumapili

Kwa Shemeji Seleman,
Mohoro.

YAH: OMBI LA KUJA NA GARI KUMCHUKUA MDOGO WAKO MWANAHARUSI

Assalaam alaykum, Shemeji. Natumai barua hii inakukuta mzima na mpunga umesimama vizuri huko Mohoro. Huku sisi ni wazima wa mwili. Wa moyo ndiyo nataka kukueleza. Nakuandikia wewe kwa kuwa ndiye walii uliyenishika mkono mbele ya sheikh ukanikabidhi mdogo wako akiwa na akili zake timamu. Ningepiga simu, lakini kwenye simu nitapayuka, na majirani wa hapa wana masikio.

Shemeji, mdogo wako anatengeneza mboji. Alikwenda kwenye semina ya bibi shamba: asubuhi alitoka mke wa mtu, jioni akarudi fundi wa taka. Tangu siku hiyo nyuma ya jiko kuna lundo linanifika kifuani. Lina majani ya mkorosho, pumba za mpunga, majivu, samadi, na maganda ya kila kilichowahi kuwa na ganda. Analimwagilia, analifunika kwa majani ya mgomba, halafu analiacha lioze. Likioza vizuri anafurahi kama mtu aliyepata mjukuu. Malalamiko yangu nayaweka kwa namba ili usije ukasema nimeandika kwa hasira.

1. Ganda. Nikila ndizi, Mwanaharusi anasimama pembeni ananitazama mpaka nimalize. Wallahi nilidhani mapenzi yamerudi. Nikaanza kula taratibu, nikajipaka na marashi kidogo. Kumbe mwenzangu anasubiri ganda! Akishalipata huyoo, hata nyuma hatazami.

2. Heshima ya ukoo. Sisi watu wa bonde hatukulelewa hivi. Marehemu baba yangu alilima mlau maisha yake yote: mto unafurika, maji yanaondoka, unakuta tope jeusi limekusubiri, unapanda mahindi yako. Mbolea ilikuwa kazi ya mto. Yetu ilikuwa kushukuru. Leo mimi, mtoto wa mzee yule, natumwa sokoni kuokota maganda ya kamba wa delta, nayabeba kwenye kiroba yananuka, watu wananipisha njia. Mwanaharusi anasema huku juu Kibiti mto haufiki na udongo wetu ni mchanga mtupu. Ni kweli, sikatai. Lakini ndiyo anijibu hivyo mbele za watu?

3. Kijiti. Hapa naomba ukae kitako. Katikati ya lundo amechomeka kijiti kirefu. Kila baada ya swala ya alfajiri anakwenda pale, anasema Bismillahi, anakichomoa, anakishika kiganjani, anatikisa kichwa, anakirudisha palepale. Na lundo lenyewe linatoa moshi bila moto! Wewe ungefanya nini? Mimi nilimwita Maalim Ridhiwani, akaja na wanaume wenye majembe. Maalim akasoma, wao wakafukua kutafuta kilichozikwa. Waligeuza kila kitu, cha juu chini, cha chini juu. Hakuna hirizi, hakuna kucha, wala karatasi yenye jina langu. Wakalirudisha lundo kwa aibu. Mara Mwanaharusi huyo, katoka jikoni na birika la chai, anawashukuru mmoja mmoja! Kumbe ndiyo siku iliyotakiwa lundo ligeuzwe lipate hewa, naye alikuwa akiwaza atampata wapi mtu wa kumsaidia. Kijiti ni cha kupimia joto tu. Maalim Ridhiwani alikunywa chai, akaomba aelekezwe ili na yeye akatengeneze la kwake. Nikabaki peke yangu na uchawi wangu.

4. Wageni. Tangu bamia na biringanya alizozitia mboji zianze kuzaa kwa fujo, wanawake wanatoka mpaka Mchukwi na Nyamwage kuja kutazama. Mimi niko barazani, mwenye nyumba, nimevaa kanzu. Wananipita wanauliza lundo liko wapi. Mmoja, Bi Faudhia, aliniuliza kama mimi ndiye mlinzi.

5. Haki baina ya wenza. Shemeji, mwanamke huwekewa mwenza. Mimi nimekuwa mwanamume wa kwanza Kibiti nzima kuwekewa mwenza, na mwenza mwenyewe ni taka. Haya, nimekubali. Lakini dini yetu inataka uadilifu. Lundo linaamkiwa kabla yangu. Likipata baridi linafunikwa. Mimi nikipata baridi naambiwa shuka liko sandukuni. Linapapaswa kila siku kujua kama lina joto, na mimi mara ya mwisho kupimwa joto nilikuwa na malaria. Nilidai zamu, leo kwangu, kesho kwa lundo. Akajibu kwamba lundo halilalamiki.

Nikaona basi yaishe. Ijumaa nilimwambia achague, mimi au mboji. Akaniomba muda wa kufikiri. Shemeji, mpaka leo anafikiri! Sikufichi, imeniuma, imeniuma sana. Nimeishi na mwanamke huyu tangu tuna nywele nyeusi. Sikujua kama siku moja nitashindanishwa na maganda ya muhogo, na majibu yachelewe.

Kwa hiyo naomba uje na gari umchukue, akafikirie huko kwenu.

Nisalimie Shemeji Rukaya, watoto wote, na wazee wa msikitini. Kama yupo atakayeniulizia, mwambie Husseini bado yupo, ila ameshushwa cheo.

Ni mimi shemeji yako, mwenye kanzu, si mlinzi,
Husseini Saadi.

Tanbihi: Shemeji, gari usilete. Nilimweleza Mwanaharusi kwamba nimekuandikia. Hakulia wala hakugomba. Alisema sawa, akachukua koleo. Nimetoka kuswali Alasiri nakuta viroba vya mboji vimepangwa mlangoni tayari kwa safari. Nguo zake hajagusa hata moja. Nikamuuliza mbona hafungi nguo, akasema nguo zinapatikana kokote, ila mboji iliyokomaa hatoiacha kwa mtu asiyejua kuitunza. Nikatazama pale nyuma ya jiko palipobaki peupe, nikainama nikabeba kiroba cha kwanza. Nimevirudisha viroba vyote mwenyewe, mgongoni, nimemwagilia, nimefunika. Nanuka hata mimi sijitaki. Yeye yuko jikoni anacheka peke yake, na amesema nikioga niwahi chakula kisipoe. Ukipata nafasi njoo tule wote, na utuletee samadi ya mbuzi. Tunaanza lundo la pili, na hilo ni langu.